Safari Tatu za Peninah kwenda Hatta

Watu wakiniuliza nafanya kazi wapi hapa Dubai, huwa najibu, "Shuleni," kisha nanyamaza. Wakizidi kuchimba nasema ni shule ndogo ya watoto wa Kiyahudi, na hapo ndipo maswali huanza. Wanafundishwa nini huko? Wana siri gani? Mimi nimekaa langoni mwao mwaka wa tatu sasa, na siri niliyoigundua ni kwamba mtoto wa miaka sita huvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, kama mtoto yeyote wa kwetu Vihiga, na hulia akinyang'anywa kifutio.

Lakini hadithi hii ni ya Peninah, si yangu. Naisimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu tangu yatokee sina raha.

Shule iko ndani ya vila isiyo na kibao. Kibanda changu cha ulinzi kinatazamana na baraza ambako darasa la wadogo husomea kabla jua halijawa kali, kwa hiyo nimesoma nao bila kuandikishwa. Herufi zao huanzia kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, na siku mtoto anapozianza hulambishwa asali, ili ajue mapema kwamba elimu ni tamu. Kila chakula kina baraka yake ya kusomwa kabla ya kukionja. Tufaha lina ya matunda ya mti, kiazi kina ya mazao ya udongo, na ndizi, ajabu, huwekwa pamoja na kiazi, kwa sababu mgomba si mti. Peninah aliposikia hilo alicheka hadi akashika ukuta. "Kumbe na hawa wamelima migomba!" alisema.

Mtoto akikosea baraka, wenzake humcheka. Hapo mwalimu wao, Mora Bracha, huacha baraka na kuwageukia waliocheka. Mora ni neno lao la mwalimu wa kike. Huwaambia kwamba kumwaibisha mtu mbele za watu ni kama kumwaga damu yake, na kwamba ndiyo maana uso wa aliyeaibishwa hupauka. Nililisikia somo hilo mara nyingi. Nilidhani ni la watoto.

Sasa Peninah mwenyewe. Peninah Kageha ana miaka arobaini na miwili, sauti kubwa na magoti mabovu. Alikuja Dubai miaka tisa iliyopita kulea watoto wa madam mmoja; watoto wakakua, madam akahama, na kampuni ya usafi na upishi ikamchukua ikamleta shuleni. Jumapili huongoza nyimbo katika ushirika wetu, kwenye ukumbi wa kukodi kule Al Jaddaf, na akikutazama wakati wa maombi utadhani amepekua mifuko yako. Wasichana wa bweni la kampuni wakigombana, kesi hupelekwa kwake. Yeye huwasikiliza wote, kisha husema neno lake lile lile: "Njia ya mwongo ni fupi." Nasi tulimwamini, maana hatukuwahi kumkuta ndani ya uongo.

Jikoni alikuwa amebobea. Jiko la Wayahudi si mchezo. Torati yao inawakataza kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na katazo hilo moja wamejenga ukuta mzima: nyama haikutani na maziwa, si chunguni, si sahanini, si kwenye sinki. Kwa hiyo jiko letu ni majiko mawili ndani ya chumba kimoja. Upande wa nyama kila kitu ni chekundu, mipini, sponji, hata vitambaa. Upande wa maziwa kila kitu ni bluu. Watoto hufundishwa hivyo tangu chekechea, na wakicheza kupikapika mchangani hutenga vijiti vya nyama na vijiti vya maziwa. Mara moja nilikiona kitoto cha miaka minne kikimgombeza mwenzake kwa kupitisha jani la maziwa juu ya jiwe la nyama.

Anayesimamia haya yote ni Sir Amram, mzee wa Kiyahudi mwenye asili ya Morokko. Kazi yake ni kuhakikisha kila kinachopikwa kimefuata sheria. Anaongea nasi Kiarabu chake cha Morokko kilichochanganyika na Kiingereza, na alimpenda Peninah kwa sababu hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Alimwita "ukhti," dada yangu.

Msaidizi wa Peninah alikuwa Jalia, Mganda wa miaka ishirini na sita, Mwislamu. Msichana mkimya, mwangalifu kupita kiasi. Alisema sheria za Wayahudi hazimchoshi kwa sababu amezaliwa akijua kwamba si kila kilicho sahanini huliwa. Alimwita Peninah "dada Pena," na alimtunza kama mtoto anavyomtunza mama mwenye magoti mabovu. Vitu vya chini aliinama yeye.

Sisi wafanyakazi chakula chetu hakikuruhusiwa kuingia jikoni humo. Hilo lilikuwa sharti la kwanza tulilopewa, na lilikuwa la haki. Tulikuwa na kona yetu nyuma ya vila, na jiko dogo la umeme la sahani moja, na sufuria yetu iliyopondeka. Hapo kila asubuhi Peninah alipika chai ya kwetu: maziwa na maji, majani na tangawizi, inachemka mpaka inapanda. Mluhya hawezi kuanza siku bila chai hiyo. Chai kavu, ile tunayoiita strungi, ni ya mgonjwa au ya mtu aliyefilisika.

Jumatano ya wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, jiko letu la umeme lilitoa moshi likafa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jalia alikuwa amekwisha kufungua jiko la shule kama ilivyokuwa zamu yake, kisha akapanda juu kupiga deki madarasa. Peninah alikuja kibandani kwangu na pakiti ya maziwa mkononi.

"Baba Tonny, leo hakuna chai. Jiko limeungua."

Na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro moja, nilisema maneno yafuatayo. Nayaandika yote ili yasije yakapungua: "Peninah, mtu atalinda lango kwa strungi? Si jikoni kuna gesi? Hakuna mtu. Chukua kisufuria, chemsha, osha, rudisha. Chuma ni chuma tu."

Alisita. Kabati la upande wa bluu lilikuwa bado limefungwa, ufunguo alikuwa nao Sir Amram. Kilichokuwa kikining'inia nje kilikuwa kisufuria cha mpini mwekundu. Peninah alinitazama, nami nikamfanyia mzaha kwamba hata Musa jangwani hakunyimwa chai. Alicheka, akaenda. Nilikunywa vikombe viwili.

Sir Amram aliingia saa moja na nusu. Dakika kumi baadaye akatuita wote watatu jikoni. Alikuwa ameshika kile kisufuria na kidole chake kilikuwa pale mpini unapoungana na chuma. Utando mweupe wa maziwa ulikuwa umeganda hapo, na punje ya tangawizi juu yake.

Aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa lango ni langu. "Kuna mgeni aliyeingia asubuhi hii?"

"Hakuna mgeni, sir," nilisema. Ilikuwa kweli.

Akamgeukia Peninah. "Ukhti, nani alikuwa jikoni?"

Peninah alijipangusa mikono kwenye aproni, mikono ambayo ilikuwa mikavu. "Jalia ndiye aliyefungua jiko leo, sir."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Kweli mbili, yangu na yake, na katikati yake tukamfukia mtu.

Jalia alimtazama Peninah kwanza, kisha mimi, kisha akasema, "Sir, wallahi si mimi." Alikuwa ananusa tangawizi kama sisi wote, na alijua ni nani ndani ya vila ile hunywa chai ya tangawizi. Alikuwa anatusubiri. Nakumbuka alisubiri muda mrefu, na friji ikaunguruma, ikanyamaza, nasi tukatazama vigae.

Kisha Sir Amram akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula huacha kula. Alisema, kwa upole, bila kufoka: "Binti yangu, kisufuria si tatizo. Hiki ni chuma. Tunakiacha siku nzima, tunakichemsha ndani ya maji, khalas, kimekuwa kipya. Kila mtu hukosea. Lakini anayenificha siwezi kumwachia jiko la watoto."

Maji ya moto. Dawa ya kosa lile ilikuwa maji ya moto tu. Mlango ulikuwa wazi pale pale, na Peninah alikuwa na nafasi ya kusema, nami nilikuwa nayo, na hakuna aliyesema. Jioni ile ile kampuni ilimhamisha Jalia kwenda Hatta, huko milimani karibu na mpaka wa Oman, kusafisha vyoo vya vibanda vya watalii karibu na bwawa. Aliondoka na begi moja. Alipopita langoni hakunisemesha, akasaini tu daftari.

Peninah alianza kunyauka. Sisemi alijuta mara moja, kwanza alijitetea. Aliniambia Jalia bado ni kijana, atapata kazi nyingine, yeye Peninah ana watoto watatu na mama mgonjwa. Mimi nikaitikia. Nilikuwa na hoja zaidi yake, tena nzuri nzuri. Lakini Jumapili ilipofika alisimama kuongoza wimbo, akafungua mdomo, akakaa chini. Watu wakadhani ni magoti.

Huo ulikuwa mwezi wao wa kujiandaa kwa mwaka mpya na Siku ya Upatanisho. Asubuhi hupulizwa pembe ya kondoo, na watoto huziba masikio huku wakicheka. Asubuhi moja Mora Bracha aliwakalisha barazani, akachora maduara mawili ubaoni. Duara la kwanza, alisema, ni makosa kati yako na Mungu. Siku ya Upatanisho ikifika, ukitubu, Mungu hukusamehe. La pili ni makosa kati yako na mwenzako. Hapo Mungu mwenyewe hawezi kukusaidia. Hata ukifunga, hata ukilia sinagogi zima likasikia, hakusamehe mpaka uende kwa yule uliyemkosea umwombe.

"Na akikataa?" aliuliza mtoto mmoja.

"Unarudi. Ukikataliwa tena, unarudi mara ya tatu, na unaweza kwenda na watu wakusaidie kuomba."

Peninah alikuwa mlangoni na trei ya matunda. Trei iliinama upande. Zabibu moja ikadondoka, ikabingirika hadi miguuni mwa mtoto, naye akaiokota na kuisomea baraka kabla ya kuila, bila kujali ilikotoka.

Kuanzia siku hiyo watoto walizunguka shule nzima wakiomba msamaha, kama walivyoagizwa. Wengine walifanya mchezo: nisamehe kwa kukukanyaga, nisamehe kwa kukuita pua kubwa. Mmoja wao, Avital, msichana wa miaka sita na nusu aliyeng'oka meno mawili ya mbele, alikwenda kwenye kijimlango cha jikoni kinachofika kiunoni. Mimi nilikuwa hapo hapo nikijaza chupa yangu ya maji.

"Peninah, naomba unisamehe. Nilisema supu yako inanuka soksi."

"Nimekusamehe, mama," Peninah alisema.

Avital hakuondoka. "Jalia yuko wapi? Natafuta Jalia."

"Jalia alihamishwa. Unamtakia nini?"

"Nilisikia wakubwa wakisema, nikawaambia watoto wote kwamba Jalia ni mchafu, kwamba yeye ndiye aliyetia maziwa kwenye sufuria ya nyama na akadanganya. Mora amesema hata kama ni kweli, sikupaswa kumsema. Sasa nitamwombaje kama hayupo?"

Peninah alikaa chini, sakafuni, na yale magoti yake. Alijifunika uso kwa kitambaa, nacho kilikuwa chekundu. Nilimpeleka mtoto darasani kwa mkono. Niliporudi Peninah aliniambia, "Baba Tonny, anajua mtoto wa miaka sita. Mimi naongoza watu kanisani, na ananizidi mtoto wa miaka sita." Waswahili walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi ulimi haukujikwaa hata kidogo. Ulitembea vizuri kabisa mahali tulipoutuma.

Shule hufungwa Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku yao ya pumziko. Jumamosi ya kwanza Peninah alipanda basi la Hatta alfajiri, akarudi jioni uso umevimba. Jalia alikuwa amemwona kwa mbali, akiwa na ndoo na mswaki wa choo, akageuka akaingia ndani ya kibanda na kufunga mlango. Peninah alikaa juani nje ya kibanda kile saa tatu. Watalii walipita na mitumbwi yao ya kukodi wakimwuliza kama anauza maji.

Jumamosi ya pili Jalia alitoka. Peninah alinisimulia usiku huo huo kwa simu, kwa sauti ndogo nisiyoizoea. Alipiga magoti kwenye changarawe. Jalia alimwambia, "Dada Pena, simama, magoti yako." Akamwinua kwa mikono miwili kama alivyozoea. Kisha akasema, "Sijui nikwambie nini. Rudi Dubai." Akaenda zake. Peninah alisema kuinuliwa kule kulimuumiza kuliko ule mlango uliofungwa.

Ya tatu aliniomba niende naye. "Mora alisema mtu anaweza kwenda na watu," alisema. "Mimi ninaye wewe tu." Nilitamani kusema nina zamu. Nilikwenda.

Hatta ni pazuri, sikatai. Milima mikavu ya rangi ya kahawia, mashamba ya mitende, maji ya bwawa ya kijani. Jalia alitukuta kwenye benchi karibu na maegesho, wakati wake wa chakula. Alikuwa amekonda na mikono yake ilinuka dawa ya choo. Peninah alisema yote, bila kulia safari hii, kwa mpangilio: jiko lilivyoungua, kisufuria, swali la Sir Amram, jibu lake. Hakunitaja. Nilisubiri anitaje. Nilipoona anapita mahali pangu bila kusimama, moyo wangu ulishuka ukatulia, na huo utulivu ndio ninaouonea haya kuliko yote.

Jalia alisikiliza akikata mkate. "Dada Pena, mimi nilikusamehe zamani," alisema. "Katika dini yangu sitaki kubeba mtu moyoni. Lakini hiyo ni yangu mimi na Mwenyezi Mungu. Sasa niambie: wale watoto, wananijua vipi?"

Peninah aliinamisha kichwa, Jalia akaendelea.

"Nilikuwa nawafunga viatu. Kuna yule mdogo asiye na meno, alikuwa ananiletea picha alizochora. Leo nikitajwa kule, natajwa kama nani?" Akameza mkate. "Usiniombe msamaha hapa mlimani, hakuna anayesikia. Sema kule ulikosemea."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka Gerishom, umekuja kama nani?"

Swali hilo lilikuwa mlango mwingine, mpana kama lango la shule. Nilikohoa. "Nimemsindikiza dada yako," nilisema.

Jalia alinitazama hivyo hivyo alivyonitazama jikoni. Alijua. Aliinuka, akakung'uta makombo kwenye sare yake, akarudi kazini.

Ndani ya basi Peninah hakunilaumu. Alisema tu, "Jumatatu nitasema." Nikamkumbusha kwamba anaweza kufukuzwa kazi, akarudishwa nyumbani. Nikamkumbusha mama yake. Nilikuwa na huruma nyingi mno siku hiyo. Alinigeukia, akasema, "Baba Tonny, naogopa sana. Nyamaza."

Jumatatu alimwendea Sir Amram kwanza. Hawakukaa muda mrefu. Kisha mzee alitoka naye hadi barazani, akanong'onezana na Mora Bracha. Mora alikunja uso, akatikisa kichwa, kama hakutaka mtu mzima aaibishwe mbele ya watoto; nadhani alikuwa anakumbuka somo lake mwenyewe. Peninah akasema kwa Kiingereza, "Tafadhali, madam. Yeye aliaibishwa mbele yao." Mora akasogea pembeni.

Walikuwa watoto kumi na wanne kwenye zulia. Mimi nilisimama kwenye nguzo ya baraza, redio ya kazi mkononi, hatua nne kutoka kwake. Peninah aliuvua ule uso wake wa kanisani, sijui niseme vipi, akabaki na uso wa mtu tu.

"Siyo Jalia aliyetia maziwa kwenye sufuria ya nyama," alisema. "Ni mimi. Nilitaka chai. Sir aliponiuliza nikamsingizia Jalia. Jalia hakufanya kosa lolote. Jalia ni msafi, na ni mkweli. Mwongo ni mimi."

Kisha Avital akainua mkono, kama alivyofundishwa.

"Ulikuwa peke yako?"

Aliuliza hivyo tu, kitoto, labda akitaka kujua kama kulikuwa na karamu. Peninah hakugeuza shingo upande wangu. Hata macho hayakuja.

"Nilipika peke yangu," alisema, "na nilikunywa peke yangu."

Redio mkononi mwangu ikakoroma, nikaipunguza sauti. Ndicho kitu pekee nilichofanya.

Jalia alirudishwa wiki ile ile. Sir Amram alimpigia simu mwenyewe akamwomba radhi. Ndiye anayeshika jiko sasa, na Avital alimlaki langoni na bahasha ya picha. Peninah hakufukuzwa, aliondolewa jikoni, anapiga deki madarasa na kusafisha vyoo vya watoto. Mshahara umepungua. Kwenye ushirika alisimama akawaambia watu pia, na wapo waliomnyanyapaa, hasa wale aliowahi kuwaamulia kesi. Jalia humbebea ndoo kupanda ngazi. Sijawasikia wakiongea mengi, lakini juzi niliwasikia wakicheka chooni, na Peninah ameanza tena kuimba, kwa sauti ya chini.

Mimi bado niko langoni. Hakuna aliyeniuliza lolote. Sir Amram hunisalimia kwa heshima.

Siku moja kabla ya Siku ya Upatanisho watoto walitoka mapema. Wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, akabaki Avital na mkoba wake mgongoni. Alikuja hadi kibandani, akashika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote.

"Sir Gerishom, kama nimekukosea mwaka huu, naomba unisamehe."

"Hujanikosea kitu, mama. Nimekusamehe."

Aliendelea kusimama pale. Alikuwa ananitazama kwa upole, kichwa kimeinama kidogo. Nilimwuliza anangoja nini.

"Zamu yako," alisema. "Kwetu, mtu akikuomba, na wewe unaomba. Halafu tunakuwa sawa wote."

Nyuma yake, kwenye dirisha la juu, Peninah alikuwa anapangusa kioo. Barazani Jalia alikuwa anakunja zulia. Wote wawili walikuwa karibu kiasi cha kunisikia.

"Mama yako amefika," nilimwambia. "Kimbia, gari liko nje."

Akakimbia. Nilimfungulia lango. Barabara ilikuwa tupu.